Mkeshaji na Mtoto Aliyeamka Kiangazi

Nakutegea wewe hapo, na usimtazame mwenzako usoni kutafuta jibu. Nyumba yangu haina mlango wala dirisha, ina tundu moja la kupitishia pumzi. Nimo ndani, na chakula changu ni mimi mwenyewe. Nikijila upesi nakwisha, nisipojila nakwisha. Mimi ni nani?

Fikiri. Ukishindwa utanipa mji, nami nimechoka kupewa miji mikubwa ya vumbi. Safari hii nitataka wenye mvua.

Kuna atakayesema yai, naye hayuko mbali. Kuna atakayesema mtoto tumboni, lakini huyo anamla mama yake, hajili mwenyewe. Jibu ni kamongo, samaki mwenye mapafu. Maji yakikauka hafanyi kama perege, anayerukaruka topeni mpaka ndege wamwone. Yeye anachimba chini, anajikunja mkia ukafunika macho, anajipaka ute wake. Ute unakauka, unakuwa kama karatasi ya kaki, na juu linabaki tundu la pumzi tu. Moyo unapunguza mwendo. Ndipo anapoanza kujila, nyama ya mkia kwanza, kidogo kidogo, kama mama mwenye akili anavyochota ulezi ghalani akijua mavuno yako mbali. Mvua ikija anatoka amekonda, ana hasira, lakini mzima.

Zamani za bibi yangu jibu lilikuwa linaishia hapo. Zamani zangu mimi, ukitega hivyo watoto walikujibu, "Ni mama." Au, "Ni baba, yuko karibu na nguzo." Nao walikuwa wamepata.

*

Ghala letu la Nyabutwe lilikuwa ukingoni mwa kile kilichokuwa kinamasi cha Mara, siku ambazo kiangazi kilikuwa kimejinyoosha mpaka kikaila karibu miezi yote ya mwaka. Mvua ilikuja kwa haraka kama mdai mwenye haya, ikanyesha, ikaondoka. Wakati wake tulilima, tukavua, tukala. Kunenepa ilikuwa kazi ya watu wazima. Ukikutana na mtu njiani ulimfinya mkono kabla ya kumpa, na ukimwambia, "Shemeji, mwaka huu umejaa," alishukuru.

Halafu zilikuja siku za kufunga, mpaka tumbo liwe tupu kama ngoma. Halafu sindano ya ute wa kamongo, ambao wataalamu wa Kituo, wale waliotufundisha kulala kiangazi, walijua kuutengeneza ukakubaliana na damu ya mtu. Halafu fuko. Kila mtu aliwekwa katika shimo lake la udongo mle ghalani, na mrija wa kupumulia ukatokeza juu. Kwenye mdomo wa mrija tuliweka filimbi ndogo ya unyasi. Mtu aliyelala akivuta pumzi, filimbi inalia kidogo, kisha unaweza kupepeta ungo mzima wa ulezi kabla hajavuta nyingine.

Wazee hatukulala. Moyo wa kijana ukiuzima unawaka tena, wa mzee ni kibatari kilichokula utambi wake. Kituo walilijua hilo mwaka wa kwanza, kwa njia mbaya. Basi sisi wazee tukawa wakeshaji, mmoja kwa kila ghala. Kazi yetu ilikuwa kulowesha udongo kwa kipimo, kuzibua mirija, na kuzuia siafu. Siafu hasa. Mtu aliyelala hajikuni.

Mkeshaji aliachiwa chakula chake, ulezi, dagaa na mafuta kidogo, na kilimtosha mtu mmoja mpaka mvua. Mtu mmoja, na awe mtu asiyependa kuongeza.

Mimi ni Nyabweke. Mwanangu Masatu alikuwa amelala karibu na nguzo ya kati, na mkewe, na watoto wao wawili. Filimbi ya Masatu ilikuwa na mkwaruzo, kama mtu anayetaka kusema neno akaghairi. Niliizoea. Nilizizoea zote. Nilikuwa nikipita asubuhi na ndoo yangu nawasikiliza kama mtu anavyosikiliza kuku wake, bila kuhesabu, nikijua tu kama yuko aliyepungua.

Asubuhi hiyo hakupungua mtu. Kulikuwa na aliyezidi. Filimbi moja ilikuwa inakimbia.

*

Nilienda kwenye redio ya upepo kabla sijaweka ndoo chini.

"Kemarosi, Kemarosi. Mtani, umekufa au bado?"

"Bado," akajibu Chirangi. Yeye alikuwa mkeshaji wa ghala la Kemarosi, mwendo wa siku mbili kutoka kwetu, na ukoo wake na wangu ni watani tangu wazee wa wazee. "Nakungoja wewe utangulie, ukanitandikie."

"Nina filimbi inakimbia."

"Inakimbia vipi?"

"Kama ya mtu anayepanda mlima."

"Umemwagia maji mengi, mikono yako inatetemeka siku hizi."

"Mikono yangu ilitetemeka siku nilipokuona uso. Sijamwaga zaidi ya kipimo."

"Basi ana kitu tumboni. Nyinyi watu wa Nyabutwe na mambo yenu. Ni mtoto?"

Alikuwa mtoto, Nyafuru, ambaye mama yake ni Wegoro, jino la mbele lilikuwa bado halijaota vizuri. Na Chirangi alisema kweli. Haya yalikuwa mambo yetu. Kwingine kote watu walilala matumbo matupu bila maneno, lakini kwetu mtoto hasafiri na njaa. Ataenda hata kwa shangazi yake ng'ambo ya kijito, mama atamtilia kitu mfukoni. Kituo walikuja wakatuambia, tukaitikia kwa adabu, na bado kila baada ya miaka michache alikuwepo mama aliyempa mwanawe karanga za njiani, kwa siri, dakika ya mwisho kabla ya sindano. Kwa sababu ni safari, jamani. Ni safari kuliko zote.

Karanga zile haziyeyuki, kwa kuwa tumbo limelala. Zinaoza polepole, zinatoa joto. Mwili unahisi joto, unadhani mvua imekuja na chakula kimerudi. Unawasha moto.

"Mpige ute sasa hivi," Chirangi akasema. "Kabla hajafungua macho."

Shimo lake lilikuwa jirani na redio, nami nilikuwa nimekwisha kufungua fuko upande mmoja nikamshika mkono. Nilimfinya pale juu tunapofinya wote. Mwezi ule wa mvua mkono huo ulikuwa kama andazi.

"Hana kitu," nikasema.

Nikueleze hapo, maana ndipo penye jambo. Kulala hakuli sana. Mtu aliyelala anachoma mafuta yake kama kibatari kilichoshushwa utambi, unaona tu nukta ya moto. Kinachokula ni kuamka. Kuamka ni kuwasha tanuri zima ili upike yai moja. Nyafuru alikuwa amewasha tanuri lake katikati ya kiangazi, akachoma kwa siku chache kile alichowekewa cha miezi. Nikimrudisha kulala, alikuwa na akiba ya kumfikisha njiani, si ya kumvusha.

"Kanuni inasema arudi," Chirangi akasema.

"Kanuni haijashika mkono wake. Akirudi hataiona mvua."

"Asiporudi, mtakuwa wawili kwenye chakula cha mmoja, na wewe ndiye hutaiona. Na usipokuwepo wewe, siafu watakuwepo. Una watu wangapi humo? Nyabweke, mimi sikuchukii. Nakuambia kwa kuwa mtani ndiye anayeruhusiwa kusema."

Nyuma yangu sauti nyembamba, kavu kama ganda la mahindi, ikasema, "Shikamoo, Bibi."

Nikageuka. Alikuwa amekaa ndani ya fuko lake lililopasuka, nywele zote ute na udongo, ananitazama kwa adabu.

"Marahaba, mwanangu."

"Mvua imenyesha?"

"Bado."

Akafikiri. Kisha akatia kidole shavuni, akatoa nusu karanga, akaificha kwenye kiganja. Nilijifanya sikuiona.

"Mpige ute," ikasema redio.

Nikaizima.

*

Nilimpikia uji mwepesi, maana tumbo lililolala ukilishtua linakataa. Nikamwekea mbele. Akanawa mikono, akakaa vizuri, akauliza kama alivyofundishwa, "Cha nani?"

Hili nalo ni letu. Mwaka wa kwanza wa njaa watu walikula bila kuuliza, na baadaye wakagundua walikuwa wamekula mbegu za jirani, na jirani hakuvuka. Tangu siku hizo, kiangazi, hakuna aliyeweka kitu mdomoni Nyabutwe bila kuuliza ni cha nani, na aliyepika lazima aseme kweli. Ukiulizwa ukasema "kula tu," umemtukana mtu.

Nami ningesema nini? Ningesema "changu," mtoto angekula nusu akaniachia nusu, kwa kuwa Wegoro alimlea vizuri. Ningesema "chetu," ningedanganya. Chakula kile kilikuwa na jina moja.

"Kula kwanza," nikasema. "Jibu lina safari ndefu."

Alinitazama sana. Alikuwa na njaa ya miezi, na uji ulikuwa unamfukizia mvuke usoni. Akala. Lakini kila kijiko kilipopanda macho yake yalikuwa kwangu, na alipomaliza hakuramba bakuli.

Alinijaribu tena jioni, na kesho yake. "Cha nani, Bibi?"

"Nywele zako zinataka kusukwa. Njoo."

"Wewe umekula?"

"Mimi nilikula ulipokuwa unaota jua."

Siku zile sikuweza kutulia mahali. Nilikuwa nakaa, nasimama, nachungulia mlangoni, narudi. Upepo ulikuwa unapiga mabati ya ghala kila wakati kama mtu anayepita nje na rungu. Kila filimbi iliyochelewa kidogo niliiendea mbio, kumbe ni masikio yangu yameanza kuchelewa. Tai mmoja alikuja akatua juu ya paa, tukasikia kucha zake, kra, kra, na hakuondoka.

"Anataka nini?" Nyafuru akauliza.

"Anapumzika. Tai hapotezi nguvu bure, anapandishwa na joto la ardhi kama moshi. Akipiga mabawa ujue ameona kitu."

"Hajapiga."

"Basi tuko salama."

Alipenda kuuliza habari za wanyama, nami nilipenda kumjibu yale yenye majibu. Nilimwambia digidigi hanywi mtoni, analamba umande alfajiri kabla jua halijamnyang'anya. Nilimwambia habari za chozi, yule ndege mdogo wa maua, kwamba usiku wa baridi anauacha mwili upoe karibu afe, kwa kuwa tumbo lake dogo haliwezi kubeba kuni za mpaka asubuhi. Kobe anakaa. Kukaa nako ni kazi.

"Na fisi, kiangazi hiki anakula nini?"

"Anakula waliokosea hesabu."

Kisha akasema, "Mimi nimekosea hesabu?"

"Wewe hukupewa hesabu, ulipewa karanga."

Alijifunza filimbi haraka kuliko mimi. Akaniita, "Bibi, ya mama imeziba kidogo," nami nikaenda, kweli unyasi ulikuwa na utando wa buibui. Aliuzibua kwa ukucha, akakaa pale kwa mama yake, mkono juu ya udongo. Hakulia. Akasema tu, "Anavuta kama mtu mwenye mawazo."

Chirangi aliniita kila asubuhi. Siku za mwanzo alinigombeza, baadaye akaacha. Mara moja alisema angeniletea nusu ya chakula chake, tukacheka wote wawili kwa uchungu, kwa kuwa tulijua. Siku mbili za jua lile na mzigo kichwani, atakayebeba debe la ulezi ataliingiza lote tumboni mwake njiani, afike na debe tupu la kupigia ngoma. Na ghala lake libaki na nani?

"Sauti yako imekonda," akaniambia siku moja.

"Ni redio yako."

"Redio yangu haina mbavu. Mimi nasikia mbavu."

*

Siafu walikuja asubuhi, upande wa choo cha zamani, ambapo udongo ulikuwa laini. Ukiwahi kuwaona hutasahau. Hawaji kama wadudu, wanakuja kama kitambaa cheusi ambacho kuna mtu anakivuta kutoka chini ya ukuta, na hakiishi.

Wao nao walikuwa na njaa. Siafu hana ghala. Anakula anakopita na anapita ili ale, na kiangazi kile nchi nzima ilikuwa tupu isipokuwa sisi, mafuta yote ya Nyabutwe yamepangwa kwenye mashimo.

"Majivu," nikasema, lakini Nyafuru alikuwa amekwisha kubeba karai.

Mimi nilichukua mafuta ya taa. Nilimimina mstari mbele yao, nikawasha, wakajigawa mara mbili wakazunguka. Nikakimbilia upande wa pili. Waliupata mrija wa mtu mmoja wa makamo, fundi seremala, nikawaona wanazama ndani ya filimbi yake. Niliing'oa, nikanyonya mrija kwa mdomo wangu na kutema, kunyonya na kutema, ulimi wote ukaungua. Akavuta pumzi. Nikairudisha filimbi. Nikasimama niende kwenye safu inayofuata.

Sijui nilikaa saa ngapi chini. Sikumbuki kukaa. Nakumbuka mgongo wangu uko kwenye nguzo, miguu imenyooka mbele kama ya mwanasesere, na naiambia iondoke nayo haisikii. Siafu walikuwa wanapanda vidole vyangu. Niliwatazama. Nilikuwa nawaza kwa utulivu wa ajabu kwamba kwa muda watakaokuwa wananila mimi hawatakuwa wanawala wengine, na nikaona hilo ni wazo zuri sana. Hapo ndipo uelewe nilikuwa nimefika wapi.

Nyafuru alipita mbele yangu na karai. Alikuwa anamwaga majivu kuzunguka kila mrija, duara, duara, analia kwa sauti huku anamwaga, siafu wamemganda mpaka mapajani, na hakusimama kujikung'uta. Alipomaliza majivu akaanza vumbi la moto la jikoni. Alipomaliza hilo akavua gauni lake akawa anapiga nalo.

Kitambaa kile cheusi kilisitasita, kikajikunja, kikatafuta njia nyingine, kikatoka chini ya mlango.

Akaja kwangu, akanitoa siafu mmoja mmoja. Vichwa vilibaki vimeuma.

"Bibi," akasema. "Hukuwa unakula ulipokuwa unaniambia unakula."

Siku hiyo ghala lilikuwa na mkeshaji mmoja, na hakuwa mimi.

Jioni nikapika uji, akausogeza kando. "Mpaka uniambie cha nani." Kesho yake akausogeza. Tukakaa, bakuli katikati yetu, kila mmoja anamwachia mwenzake, mpaka ukaganda juu.

*

"Fukua mbegu," Chirangi akasema.

Yeye, mtu wa kanuni. Nilidhani sikusikia.

Nyuma ya ghala kulikuwa na shimo la mbegu, ambamo kamongo wenyewe walilala topeni, kila mmoja mahali pake na kijiti chenye alama ya nyumba. Nyumba moja, kamongo mmoja. Damu za watu wa nyumba zilizoeshwa ute wa samaki wao tangu utotoni, na ute wa samaki wa jirani uliwakataa, ungewaua. Kumlea kamongo mpya na kumzoesha na nyumba ni kazi ya miaka. Nyumba iliyompoteza wake haikulala. Na isiyolala ilifunga mizigo ikaelekea kusini kwa miguu. Waliokwenda tuliwasikia redioni kwa muda. Baadaye tukawa hatuwasikii.

Kamongo mmoja mkubwa, amelala na mafuta yake, angetufikisha mimi na mtoto kwenye mvua. Ningebaki na miguu. Ghala lingebaki na mkeshaji, hata wawili.

"Mtani, unajua unasema nini?"

"Najua. Ukianguka wanakufa wote. Ukimrudisha mtoto, anakufa yeye, na sasa hivi hata huwezi kushika ghala bila yeye. Kwa hiyo fukua."

"Wa nani?"

"Wa Wegoro, wa nani mwingine? Aliyetia karanga ndiye alipe. Nani atakulaumu?"

"Wegoro ana watoto wengine humu."

"Na jirani yake hana? Utachukua wa mtu ambaye hakufanya lolote?"

"Hilo nalijua."

"Basi sema. Utatoa wa nani?"

Nikamwambia betri inakwisha. Hakuniamini, lakini aliniacha.

Nilikaa nikilizungusha neno hilo kichwani. Alisema haki. Kwenye baraza lolote la wazee angeshinda. Ila nilikuwa naona mbali kidogo ya baraza. Nilimwona Nyafuru mvua imekuja, mama yake anatoka topeni anamkumbatia, na mtoto anajua kwamba ameula usingizi wa mama yake na wadogo zake, na kiangazi kijacho watatembea kusini kwa sababu ya tumbo lake. Hasira ya watu ingekwisha. Lakini huyo mtoto angelala lini tena, hata akipewa ute wa dunia nzima? Upande wa pili nilikuwa namwona mtu ambaye hana habari, amejilaza kwa amani akituamini sisi tulio macho, na mimi namchimbia mwanawe kaburi kwa jembe la kukopa. Kila niliposhika upande mmoja ulikuwa unaniunguza mkononi.

Aliyelala hawezi kuulizwa. Ndiyo maana anaweka mkeshaji.

Asubuhi nilinyanyuka nikishika ukuta. Nilipita ghala lote, nikasimama kwenye mashimo ya kila nyumba, nikapiga hodi. Kwa kila nyumba, kwa sauti ya kawaida, kama jirani anayekuja kuazima chumvi. Hodi hapa. Hodi. Filimbi zilikuwa zinalia moja hapa moja kule. Hakuna aliyesema karibu.

Nyafuru alikuwa mlangoni ananitazama. "Unatafuta nini, Bibi?"

"Ruhusa," nikasema. "Kaa na filimbi. Usinifuate nyuma."

Nilichukua jembe na panga. Tope la juu lilikuwa gumu kama tofali, nikachimba nikipumzika, nikachimba, jua likinisukuma shingoni kwa kiganja. Kijiti chenye alama nilikitoa kwanza nikakiweka kifuani mwangu, chini ya kanga, nisikitazame. Nikaifikia ile karatasi yake ya kaki. Nilipoigusa, alilia. Watu hawajui kwamba kamongo aliyelala ukimgusa analia, sauti kama ya mtoto mchanga aliyeviringishwa vibaya. Zamani kule kwetu wako wanawake ambao hawakumla kabisa, na siku ile nilijua kwa nini. Alikuwa mzito. Alikuwa amelala vizuri, samaki wa nyumba iliyomtunza.

Nikamwambia samahani, nikafanya kwa pigo moja.

*

Nilimpika bila kitu, chumvi tu. Mafuta yake yalipanda juu ya maji, manjano, na harufu ikajaa jikoni mpaka mate yakanitoka mdomoni bila ridhaa yangu. Redio ilikuwa inaniita. "Nyabutwe, Nyabutwe. Mtani. Umetoa wa nani?" Nikaiacha iite.

Nyafuru alikuja akakaa. Macho yake yalienda kwenye sufuria, yakaenda kwenye panga lililooshwa, yakaja kwangu. Hakuwa mjinga. Alikuwa mtoto wa Nyabutwe na alijua shimo la mbegu kabla hajajua kufunga kanga.

Nikapakua bakuli mbili, sawa kwa sawa. Akaona ni mbili. Akanawa. Maji yalikuwa yanamdondoka vidoleni na hakuyafuta.

"Ni wa mama?" akauliza, sauti chini kabisa.

"Uliza vizuri. Uliza kama ulivyofundishwa."

Nje tai alikuwa anahama upande mmoja wa paa kwenda mwingine. Mle ghalani zikalia filimbi, ya mama yake, ya seremala, halafu ile yenye mkwaruzo.

"Cha nani, Bibi?"

"Cha Masatu," nikasema. "Mwanangu wa kumzaa. Cha mkewe, na cha wale wajukuu zangu wawili. Nimekichukua bila kuwauliza, na mvua ikinyesha nitawaambia mwenyewe, wewe hutafungua mdomo. Leo ni chako na changu. Kula kabla hakijapoa."